Mbadala wa Nini?

Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 yatenganisha tiba asili na tiba mbadala, lakini wafasiri wengi huzichanganya. Huko Bukoba na Muleba, mubilizi, mmea mchungu ambao Wahaya hunywa maji ya majani yake kutibu homa, si mbadala wa chochote, ulitangulia hospitali. Tena neno lenyewe lina hatari. Mbadala hushika mahali pa kitu kingine. Mgonjwa wa malaria akiambiwa kuwa mubilizi ni tiba mbadala, aweza kuelewa kwamba aache vidonge. Hapo kosa la istilahi hugeuka kosa la tiba. Yafaa mubilizi uitwe tiba asili. Na dawa mbili zinapotumiwa pamoja, daktari akijua, tuseme tiba sambamba.