Ngoma na Njia: Sikukuu na Safari za Bagamoyo katika Maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari

Vitabu viwili vya nathari ya Kiswahili vilivyochapwa Göttingen chini ya uangalizi wa Carl Velten, yaani Safari za Wasuaheli mwaka 1901 na Desturi za Wasuaheli mwaka 1903, vimezoeleka kusomwa mbalimbali. Cha kwanza huchukuliwa na wapendao visa vya njiani. Cha pili kimekuwa ghala la wanahistoria na wachunguzi wa mila, ambao huingia, huchukua wakitakacho, kisha hutoka pasipo kutazama jinsi ghala lenyewe lilivyojengwa. Katika vitabu vyote viwili umo mkono wa mtu mmoja, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda karibu na Bagamoyo. Katika Safari ameandika khabari za mwendo wake wa Udoe hata Uzigua; katika Desturi ndiye mwandishi mkuu, ijapokuwa ukurasa wa mbele wa kitabu ulitaja jina la mkusanyaji tu. Jina la Mtoro lilisubiri hata mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo likapewa nafasi lililostahili.

Kuvitenga vitabu hivi ni kosa la usomaji, wala si kosa dogo. Sikukuu zielezwazo katika kimoja na njia ielezwayo katika kingine zilikuwa kitu kimoja katika maisha ya mji ule, na msomaji asiyeviunganisha hukosa nusu ya maana ya kila kimoja.

Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mji mdogo wenye kupumua kwa pepo mbili. Kaskazi, ivumayo tangu Novemba au Desemba hata Machi, ilileta pwani vyombo vya Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha. Lakini mji ule ulikuwa na msimu wake mwingine usiotegemea tanga. Baada ya masika, mvua zikiisha na njia zikikauka, na watu wa bara wamekwisha kuvuna, misafara ya Wanyamwezi ilishuka na pembe za ndovu. Wapagazi walijaa mjini wakingoja kulipwa na kupata mizigo ya kurudia. Wakati huo wa kipupwe na kiangazi ndio uliokuwa wakati wa fedha, na wakati wa fedha ndio uliokuwa wakati wa ngoma. Harusi zilichezwa, jando likatiwa, watu wenye tamaa ya cheo wakafungua mikoba yao.

Siku ya mwaka nayo iliangukia humo. Mwaka huo wa jua, uitwao pia Nairuzi, una siku 365 kamili bila kuongezewa siku ya ziada kila mwaka wa nne. Kwa hiyo, ukilinganishwa na kalenda ya Kizungu, hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Makunduchi, Unguja, ambako mwaka bado huogwa kwa shangwe, sherehe hiyo sasa huwa katika Julai. Kwa hesabu hiyo hiyo, katika miaka ya 1890, Mtoro alipokuwa kijana, siku ya mwaka ilikuwa katika Agosti, bandari ikiwa imejaa watu wa bara. Mabaharia na wakulima waliishika hesabu hii kwa sababu mwezi mwandamo hauwezi kumwambia mtu lini apande wala lini atweke, na kwa miaka michache hesabu ya jua humtosha. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila aisomaye Desturi, kwa sababu kitabu chenyewe hakimwambii. Mtoro huandika kama mtu ambaye jirani yake anajua tayari ni mwezi gani.

Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kukitazama kitenzi. Sehemu kubwa ya Desturi imejengwa kwa hu- na kwa -ki-: mtu akitaka jambo hili, huenda kwa fulani, huyo akikubali, hutoa kadha wa kadha. Vitenzi vya namna hii havina tarehe. Havisemi nani alikwenda, wala mwaka gani, wala kama alirudi. Sikukuu ikiandikwa hivyo huonekana kama kitu kisichozeeka, kama kujaa na kupwa kwa maji. Ni lugha nzuri kwa kazi yake, na Mtoro anaimudu kwa ustadi. Sentensi zake ni fupi, kila moja hubeba tendo moja, na mpangilio wa matendo hauvurugiki hata pale ada zinapokuwa nyingi na wapokeaji wengi. Wako waliosema kwamba huu ni usemi wa mdomoni uliotiwa katika karatasi tu. Hawakujaribu kuandika wenyewe. Kueleza karamu yenye wageni, wapishi, wachezaji na wadai, pasipo msomaji kupotea, si jambo la mdomo peke yake.

Lakini hu- huficha pia. Wakati maandishi haya yalipokusanywa, Velten akiwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani tangu mwaka 1893 hata 1896, Bagamoyo ilikuwa imekwisha kupita katika vita vya Bushiri vya 1888 na 1889, na makao makuu ya serikali yalikuwa yamehamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Majumbe, ambao utawazo wao na ada zao zimepewa kurasa nyingi, walikuwa wamenyang'anywa kiini cha mamlaka yao. Karamu ya jumbe, iliyokuwa siasa ya mji mzima, ilikuwa ikigeuka kuwa kumbukumbu. Msomaji akizisoma kurasa hizo kwa haraka atadhani ngoma bado yalia. Akizisoma kwa utulivu atasikia kwamba neno zamani linarudi mara kwa mara, nalo kila lirudipo hupasua ukuta wa hu-.

Yafaa kuuliza ukuta huo ni wa nani. Mpango wa kitabu, uanzao na mimba na malezi na kuishia kwenye sheria, ni mpango wa maswali ya mtaalamu wa Kizungu wa wakati ule. Mtu wa Bagamoyo aliyeachwa aanze apendapo huenda angeanza na cheo, au na deni. Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya kitabu chenyewe: pale penye vyeo na malipo, mwandishi hupata nguvu, maelezo hurefuka, na hesabu za ada hutajwa kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kuzishuhudia zikibishaniwa. Penginepo hujibu swali na kupita.

Sasa igeukiwe njia. Katika Safari kitenzi kinachotawala ni cha -ka-: tukatoka, tukalala, tukafika. Selemani bin Mwenye Chande, katika khabari za safari yake ya bara, na Salim bin Abakari, katika safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, huenda mwendo huo huo, ijapokuwa mmoja yuko kati ya wapagazi na mwingine yuko mbali na kila kitu alichozaliwa nacho. Kwa -ka- mtu hupata jina, siku, njaa na hofu. Nafsi ya kwanza, iliyokuwa haina kazi katika maelezo ya sikukuu, huingia na kutembea kwa miguu yake. Ndiyo sababu wasomaji wengi huiona Safari kuwa karibu zaidi na fasihi. Hukumu hiyo ina haki kidogo, lakini imejengwa juu ya upungufu: waliotenga vitabu walimpa msafiri nafsi wakamnyima mcheza ngoma.

Maana msafiri na mcheza ngoma walikuwa mtu mmoja. Aliyetaka cheo alihitaji fedha za karamu. Aliyetaka fedha alikopa kwa tajiri wa Kihindi mali ya kwendea bara, merikani, kaniki, ushanga na nyaya, akaahidi pembe. Akirudi salama alilipa deni, na kilichobaki kikaliwa na mji. Asiporudi, au akirudi mikono mitupu, deni lilibaki likimngoja ufukoni. Msafara wenyewe ulitoka mjini kama ngoma itokavyo, kwa bendera na mlio, kirangozi mbele amejipamba. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu karamu na ghasia za mwambao huu, ameonyesha vema jinsi karamu zilivyokuwa uwanja wa kugombea heshima baina ya waungwana, wageni na watu wa chini, naye ametegemea Desturi kwa mengi. Hata hivyo mwanahistoria hutaka kujua karamu ilifanya nini. Mhakiki hana budi kuuliza pia karamu imeandikwaje, maana shahidi wa mwanahistoria ni sentensi.

Mahali pa kulijaribu swali hili ni khabari za Udoe. Hapa Mtoro anaondoka kwao kwa -ka-, msafiri kama wengine. Udoe haiko mbali; ni nyuma tu ya Bagamoyo. Lakini pwani ilikuwa imewapa Wadoe sifa ya kula watu, na umbali wa sifa ulizidi umbali wa njia. Akiisha kufika, mwandishi anaacha polepole kusimulia mwendo na kuanza kueleza mila, na pamoja na mila hurudi hu-. Mtu yule yule aliyeulizwa na Velten khabari za watu wake anawauliza Wadoe khabari zao, na sarufi anayowavika ndiyo ile aliyovikiwa mji wake mwenyewe. Hakuna mahali pengine katika nathari ya Kiswahili ya wakati ule ambapo jambo hili laonekana wazi namna hii: kwamba desturi ni jina ambalo mgeni huyapa maisha ya mwenyeji, hata mgeni huyo akiwa ametembea siku chache tu.

Hapa pia ndipo udhaifu wake ulipo. Mtoro ni mwungwana wa pwani na huona kwa macho ya uungwana. Neno washenzi humtoka kwa wepesi. Watumwa wamo katika kitabu chake, lakini zaidi kama watu wenye wajibu na adhabu kuliko kama watu wenye kusema. Wapagazi, ambao pasipo mabega yao hapangekuwa na karamu, hupita katika maelezo ya sikukuu kama vumbi la njia. Kumsamehe kwa sababu ya zama zake hakusaidii usomaji. Kumhukumu na kuacha kusoma hakusaidii zaidi. Lililo la maana ni kuona kwamba -ka- ya safari yenyewe humsahihisha pengine, kwa sababu njiani mwungwana hulazimika kungoja, kula alichopewa na kuomba maji.

Uteuzi wa Lyndon Harries wa mwaka 1965 uliziweka baadhi ya khabari hizi, za desturi na za safari, ndani ya jalada moja. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini zilipangwa jirani tu. Kinachotakiwa ni chapisho la Kiswahili litakalompa msomaji sikukuu ya Bagamoyo na njia ya Udoe kwa mfuatano, pamoja na maelezo ya msimu, ada na deni, na litakaloacha tahajia ya Kimrima palipo na haja badala ya kuisanifisha yote.

Ipo safari moja ya Mtoro isiyomo katika vitabu hivi, wala haikuweza kuwamo, kwani ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi naye, serikali ya koloni ilikataa wasishuke Dar es Salaam. Walirudi Ujerumani, naye akafa Berlin mwaka 1927.