Rangi Iliyokomaa

Heinrich Caro, mkemia wa kampuni ya BASF ya Ujerumani, alipotengeneza methilini buluu mwaka 1876, ilikuwa rangi ya kutia nguo. Maabara ziliipenda kwa sababu nyingine: inachagua. Molekuli zake zina chaji chanya, basi hunasa kwenye asidi za ndani ya seli, zenye chaji hasi, na kuvipita vingine.

Mwaka 1891, huko St Petersburg, Dmitri Romanowsky aliichanganya na eosini nyekundu, akaona viini vya vimelea vya malaria vikiiva zambarau, rangi isiyokuwamo katika chupa yoyote kati ya hizo mbili. Siri ni umri. Methilini buluu ikikaa hupoteza vikundi vyake vya methili kimoja baada ya kingine na kuzaa azuri, nayo azuri ikikutana na eosini ndipo zambarau hiyo hutokea. Mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg aliutuliza mchanganyiko huo kwa gliserini na methanoli. Mpaka leo zahanati zetu huuita kwa jina lake.

Kilichobaki ni kazi ya mkono. Tone jembamba la damu kwenye kioo huoshwa kwa methanoli ili chembe nyekundu zishike umbo lake. Tone nene halionjeshwi methanoli kamwe, kusudi maji yazipasue chembe, hemoglobini itoke, wadudu wabaki peupe. Maji yenyewe yawe ya pH 7.2; yakizidi kuegemea alkali, kila kitu huwa buluu na uchaguzi wote hupotea. Rangi ya asilimia 3 hutaka dakika 45 hadi 60. Ya asilimia 10 huiva kwa dakika kama 10, ila humaliza chupa upesi. Kusuuza ni kwa maji ya taratibu, maana mkondo mkali hung'oa damu kiooni.

Mdudu akionekana chini ya hadubini, swali la kama yupo limekwisha. Asipoonekana, mtaalamu hupekua angalau nyuga 100 za hadubini kabla ya kuandika kwamba hakuna. Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu: jibu tupu ndilo lenye jasho zaidi. Daktari atakayeanza kusaka chanzo kingine cha homa anaegemea mtu aliyepima maji yake vizuri na kuiachia rangi dakika zake zote.