Somo la Sokoni na Mizani ya Makindye

Ni nadra kukuta kitabu cha kumfundisha mgeni Kiswahili kisichokuwa na somo la sokoni. Aghalabu huwekwa baada ya maamkizi na kabla ya safari. Mnunuzi anafika, anauliza bei ya machungwa, anatajiwa, anasema ni ghali mno, anataka apunguziwe, muuzaji anapunguza, mnunuzi analipa na kwenda zake. Mwanafunzi amejifunza hesabu, vivumishi na ngeli mbili tatu, na mwalimu ameridhika. Shabaha ya makala haya ni kulihakiki somo hilo kama tuhakikivyo utungo wowote ule: kuuliza ni nani anayesema ndani yake, ni nini kinachouzwa, na ni jambo gani lililoachwa nje. Mizani tutakayoitumia ni masoko ya Makindye, mojawapo ya tarafa tano za Jiji la Kampala, ambamo mna soko la Ggaba ukingoni mwa Ziwa Viktoria, soko la Kibuye kandokando ya barabara ya Entebbe, na mafundi wa vyuma wa Katwe.

Hatukuichagua Makindye kwa sababu ya masoko peke yake. Jina hilo lina kumbukumbu nyingine katika masikio ya watu wa Uganda. Juu ya kilima cha Makindye palikuwa na kambi ya polisi wa jeshi, na gereza lake katika utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hadi 1979, lilikuwa mahali pa mateso na mauaji. Lugha ya askari, kama ilivyokuwa tangu enzi ya King's African Rifles, ilikuwa Kiswahili. Amin ndiye aliyetangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Kwa hiyo watu wengi wa Kampala walikisikia Kiswahili kwanza kama amri, na wengine kama amri ya mwisho waliyoisikia ndugu zao. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili; Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, cheo cha kisheria hakiondoi hofu ya mzazi ambaye anamwona mwanawe akirudi nyumbani na daftari la lugha ile ile. Hapa ndipo somo la sokoni linapopata uzito wake. Ni somo la kwanza ambamo mwanafunzi anakwenda kwa mtu asiyemjua, na anamhitaji.

Na tutazame basi bidhaa zilizomo. Soko la vitabuni kwa kawaida ni soko la pwani: machungwa, nazi, maembe, samaki asiyetajwa jina. Mwanafunzi wa Makindye aliyekariri kwamba chakula kikuu cha Waganda huitwa "ndizi" akifika Ggaba siku ya Jumamosi na kuomba ndizi, atapewa vitunda vidogo vitamu vya kula vibichi, kwa maana Kiganda kimelichukua neno hilo na kulipa kazi hiyo moja tu. Zile za kupika huitwa matooke. Za kuchoma ni gonja. Za kutengenezea pombe ni mbidde. Ndefu tamu ni bogoya. Kiswahili kina ndizi bukoba, mzuzu, mkono wa tembo, kisukari na nyingine nyingi, lakini somo la sokoni limeridhika na neno moja, kana kwamba lugha yetu ni maskini wa migomba.

Hali ni hiyo hiyo kwa mboga na samaki. Jani ambalo Dar es Salaam huitwa mchicha, Makindye ni ddodo, na kwa Wakongo wa mashariki ni lengalenga. Kisamvu cha pwani ni sombe ya Bukavu. Dagaa wa Mwanza ndio mukene wa Ggaba na omena wa Kisumu: samaki yule yule, wa ziwa lile lile, aliyegawiwa majina matatu na mipaka mitatu. Sato ni ngege, na sangara ni mputa. Tena mwanafunzi atastaajabu kusikia kwamba sokoni kunauzwa "mamba", hata aelezwe kwamba kwa Waganda jina hilo si la yule mnyama wa mtoni mwenye meno, bali la samaki wa matopeni ambaye Mwanza na Kisumu huitwa kamongo. Na kwamba wapo wasiomla kabisa, kwa kuwa ndiye alama ya ukoo wao. Mafunzo kama hayo hayapatikani katika orodha ya msamiati iliyotungwa mezani. Yapo sokoni, na muuzaji huyatoa bure.

Vitu vya mikono vimeonewa zaidi. Vitabuni huitwa "vinyago na vikapu", na mnunuzi wake ni mtalii. Lakini mkeka unaouzwa Kibuye haununuliwi ili utundikwe ukutani. Hutandikwa mgeni apate kukaa. Sigiri inayofuliwa kwa mabati Katwe hupika chakula jioni ile ile. Na liko jambo la lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba. Gome huambuliwa wakati wa mvua, hupondwa kwa nyundo za mbao hata likalainika na kutanuka, na shina lililoachwa wazi hufunikwa kwa majani ya mgomba mpaka liote gome jipya. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi bora wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Waganda huivaa katika sherehe za kifalme na huizikia wafu wao. Mwanafunzi anayefundishwa kuuliza "hiki bei gani?" mbele ya sanda, bila kujua kwamba ni sanda, hakufundishwa lugha.

Tena katika jambo hili Kiswahili kina deni la zamani. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar ilipofika katika baraza la Kabaka katika miaka ya 1840, ilileta pamoja na bunduki na shanga ile nguo ya pamba ambayo jina lake, merikani, limebaki katika kamusi zetu mpaka leo. Nguo hiyo ndiyo iliyoanza kulisukuma lubugo pembeni. Lugha iliyoingia na merikani haiwezi kudai kwamba haina nafasi ya kulitaja lubugo.

Sasa tuje kwenye mazungumzo yenyewe, kwani kosa kubwa la somo limo katika sarufi yake. Hebu msomaji ayahesabu maneno ya mnunuzi: "Nipe." "Leta." "Punguza." Yote ni vitenzi vya kuamuru. Sisi walimu huyapenda kwa sababu ni mafupi na hayana viambishi vingi, na kwa hiyo humwahi mwanafunzi mapema. Lakini mtu asiyejua jambo lingine ila kuamuru, akiingia soko la Makindye na Kiswahili chake, anasema kama nani? Mama mwenye umri wa miaka sitini na mitano aliye nyuma ya fungu la nyanya amekwisha kuisikia sarufi hiyo. Haikumjia kutoka kwa mteja.

Katika Kiswahili kizuri cha pwani hali siyo hiyo hata kidogo. Mtu husema "naomba unipatie", "hebu nitazamie", "nikupe ngapi, mama?". Kiishio cha -e, ambacho vitabu hukiahirisha hadi muhula wa pili, ndicho nguzo ya adabu ya sokoni. Waganda nao hawaanzi na bei. Huanza kwa "gyebale ko, nnyabo", maamkizi ya kumshukuru mtu kwa kazi yake, na anayehitaji kitu hungoja aitikiwe kwanza. Somo letu humpitisha mnunuzi mbele ya muuzaji pasipo salamu, ingawa salamu zilifundishwa katika somo la tangu hapo, kana kwamba maamkizi ni ya barazani tu.

Muuzaji wa vitabuni pia hana hesabu. Hutaja bei, akalalamikiwa, akashuka. Lakini mkungu wa matooke unaoshushwa Kibuye umepanda lori huko magharibi ya nchi, umelipiwa nauli, ushuru na mpagazi, na kila chana kitakachoiva kabla ya kuuzwa ni hasara ya mwenyewe. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali iliruhusu wauzaji wa vyakula tu kubaki masokoni, na ikawaagiza walale huko huko. Wenye mikeka, vyungu na nguo wakafungiwa njia ya riziki. Wengi walilala juu ya meza zao ili jiji lile. Mtu anayeijua habari hii hataanza mazungumzo yake kwa "ghali mno", na hasa ikiwa mtu huyo ametoka dukani kulipa bei iliyobandikwa juu ya kopo bila ya kunong'ona.

Haimaanishi kwamba watu hawapatani bei Makindye. Wanapatana sana. Lakini liko neno ambalo vitabu vimelisahau na Kiganda kimelikumbuka, nalo ni nyongeza. Mnunuzi akishakubali bei ya fungu, huomba nyongeza, na muuzaji hutupia nyanya mbili au konzi ya maharage juu yake. Bei haikushuka, mzigo ndio uliokua. Kila mmoja amehifadhi heshima yake, na muuzaji amepata kasitoma atakayerudi Jumamosi ijayo. Neno hilo, pamoja na bbeeyi, dduuka, ssente na minzaani, Kiganda kimelipata katika Kiswahili. Basi Kiswahili kilikwisha kuingia katika masoko ya Uganda kwa njia ya kubadilishana, bila ya tangazo la mtawala yeyote, na Waganda hawakukiona kuwa kigeni pale kilipokuja na mizani mkononi.

Huenda mwalimu mwenzetu akapinga kwamba masoko ya Makindye husema Kiganda, na kwamba mwanafunzi mwenye busara angejifunza hicho. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake si kukikana Kiganda. Mwenye kuamkia kwa Kiganda na kuendelea kwa Kiswahili hamkosei mtu. Lakini Makindye ya leo ina watu wengi waliokimbia vita vya mashariki ya Kongo, ambao wanakaa Katwe, Nsambya na kwingineko, na wako wanaopita mlango hadi mlango wakiuza vitenge na mapambo. Kiswahili chao ndicho mtaji wao wa kwanza. Kwa mtoto wa Makindye aliyesikia nyumbani kwamba Kiswahili ni lugha ya askari, mwanamke huyo mwenye kitenge mkononi ni mwalimu bora kuliko sisi. Cha ajabu ni kwamba hayumo katika somo hata moja tulifundishalo.

Hatupendekezi somo la sokoni lifutwe. Lina sifa zake: ni fupi, lina sauti mbili, na mwanafunzi hulikumbuka hata akisahau mengine yote. Kwa sababu hiyo hiyo yafaa litungwe upya kwa uangalifu. Kwanza, lianze kwa salamu na kwa kumpa muuzaji pole ya kazi. Pili, maombi yatangulie amri, na kiishio cha -e kifundishwe hapo hapo bila ya kuahirishwa. Tatu, kila darasa lifanye orodha yake ya bidhaa za soko lililo karibu, na kando ya kila jina yaandikwe majina ya Mwanza, Kisumu, Bukavu na Unguja. Nne, kichaguliwe kitu kimoja cha mikono, mkeka au lubugo au sigiri, na mwanafunzi aweze kueleza kwa Kiswahili kimetengenezwaje na ni cha kazi gani, kabla ya kuruhusiwa kuuliza bei yake.

Kazi hiyo haihitaji fedha wala kibali. Wanafunzi wapelekwe Jumamosi moja wakiwa na daftari na nauli ya kurudia, wanunue fungu moja kila mmoja, na Jumatatu wasomeane waliyoyaandika. Mwalimu asahihishe sarufi. Majina ya samaki yaachwe kama yalivyotajwa na wenye kuwauza.