Ng'wandu na alama ya kujumlisha

Chukulia unatengeneza fomu ya kusajili wakulima wa mpunga Ubaruku, kule Mbarali. Sehemu ya jina umeiwekea rejeksi, yaani kanuni fupi inayoiambia kompyuta maandishi yaweje:

^[A-Za-z]+$

Alama ya + maana yake "rudia, mara moja au zaidi". Herufi, herufi, herufi, mpaka mwisho. Mwakalinga anapita, Ng'wandu anakataliwa. Na Usangu ina Wasukuma wengi waliohamia na mifugo yao, kwa hiyo si mtu mmoja. Karani mwenye foleni ndefu ataandika Ngwandu tu, halafu jina halilingani na kitambulisho cha NIDA. Siku ya mbolea ya ruzuku ndipo kasheshe. Tena ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe ni sauti mbili. Ritifaa si pambo.

(Wapo wanaoifukuza ritifaa ati itavuruga SQL. Dawa ya hilo ni kutenganisha amri na data, siyo kukata jina la mtu.)

Marekebisho ninayokutana nayo zaidi ni haya:

^([A-Za-z]+'?)+$

Ng'wandu anapita, watu wanashangilia. Kwangu hii ni mbaya kuliko ya kwanza. Hebu tazama: kuna + ndani ya +, na ritifaa ni ya hiari. Basi "aaa" inaweza kugawanywa aaa, a-aa, aa-a au a-a-a. Mtu akiandika herufi 30 kisha tarakimu 1, injini inayorudi nyuma kujaribu upya, kama ya Python au JavaScript, inaweza kupitia migawanyo 536,870,912 kabla ya kusema hapana. Seva inaganda. Ken Thompson alishaonyesha njia ya kutafuta bila kurudi nyuma mwaka 1968, lakini lugha nyingi hazikuifuata. Tarehe 2 Julai 2019, rejeksi moja yenye marudio yanayogombania herufi zilezile iliiangusha Cloudflare, na tovuti chungu nzima duniani zikazimika kwa karibu nusu saa.

Mimi ningeandika:

^[A-Za-z]+(['’][A-Za-z]+)*$

Hapa kila marudio ya mabano lazima yaanze na ritifaa, kwa hiyo hakuna cha kugombania: jina linagawanyika kwa njia moja tu. Ritifaa nimeweka mbili kwa sababu baadhi ya simu huandika ile iliyopinda. Ijaribu kwa Ng'wandu, kwa Ng’wandu, halafu kwa a thelathini zenye 1 mwishoni.