Stelingi Anayekumbuka

Rambo alikufa mara mbili kabla hajawa Rambo huyu tunayemjua. Kwanza alikufa kwenye riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, humohumo alimozaliwa. Kisha akafa mbele ya kamera. First Blood ilipokuwa ikitengenezwa, walipiga picha mwisho ambamo askari yule, aliyerudi kutoka Vietnam akiwa amevurugika, anaukamata mkono wa kanali wake wa zamani wenye bastola na kujimalizia. Watazamaji wa majaribio walipoonyeshwa mwisho huo walichukia. Wamehangaika naye porini, wamemwona akijishona jeraha la mkono bila ganzi, halafu afe? Ukatumika mwisho mwingine, na filamu ilipotoka mwaka 1982, Rambo aliondoka akiwa hai, chini ya ulinzi.

Watazamaji wale ni ndugu zetu. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza, banda la video la mtaani, anaijua sheria isiyoandikwa popote: stelingi hafi. Akipigwa risasi atachechemea, akitupwa mtoni ataibuka mbele ya safari, na ukiona mtu kafa dakika ya ishirini ujue huyo hakuwa stelingi. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa filamu zote za sehemu ya pili. Stelingi yuko hai, hela zimeingia, nani atakubali kumwacha apumzike?

Wapo watu makini, baadhi yao rafiki zangu, wanaoapa kwamba hawapotezi tena jioni yao kwa filamu yenye namba nyuma ya jina. Siwalaumu. Aliyeiona Speed 2 ya mwaka 1997, ambamo basi lisiloweza kusimama limegeuzwa kuwa meli ya watalii na Keanu Reeves mwenyewe kakataa kurudi, ana haki ya kuapa. Lakini mimi bado naziangalia, tena kwa hamu, kwa sababu ndani ya zile nzuri kuna ufundi ambao filamu ya kwanza haiwezi kuwa nao, hata aitengeneze nani. Ni ufundi wa kumfanya mhusika akumbuke.

Tumchukue tena Rambo. Katika First Blood anakufa mtu mmoja tu, naye anadondoka kutoka kwenye helikopta. Mwishoni jitu lile linakaa chini na kulia kama mtoto, likimsimulia kanali habari za rafiki aliyelipuliwa Saigon kwa bomu lililofichwa kwenye sanduku la mpiga viatu rangi. Miaka mitatu baadaye, kwenye Rambo ya pili, mtu huyohuyo anarudishwa Vietnam, kifua wazi, upinde mkononi, mishale inalipuka, na maiti hazihesabiki. Lile sanduku hatulisikii tena. Filamu iliuza kupita ya kwanza kwa mbali, na jina la Rambo likaenea mpaka mifuko ya plastiki ya sokoni Tanzania ikaitwa hivyo, hadi serikali ilipoipiga marufuku Juni 2019. Raha yake siikatai. Ila yule aliyelia hayumo. Wamemwazima mwili tu.

Sisi tuna mhusika wa namna hiyo tangu zamani, naye ni Fisi. Leo Sungura anamdanganya, anaungua mkia, anakula kipigo cha kijiji kizima. Kesho, kwenye hadithi nyingine, Fisi yuleyule amerudi na mkia mzima na uroho uleule, na anamwamini Sungura upya. Hakuna mtoto anayemuuliza bibi kuhusu jana. James Bond naye ameishi hivyo kwa miaka mingi tangu Dr. No ya 1962. Mwaka 1969 wanamuulia mke ndani ya gari siku ya harusi. Filamu iliyofuata, ya 1971, kwa shida utatambua kwamba mtu huyu amefiwa. Si kosa, hadithi za Fisi zinadumu. Lakini mtengenezaji anapotuambia kwamba hii ni sehemu ya pili ya ile, amekopa kumbukumbu zetu, na mkopo una masharti.

La ajabu ni kwamba mmoja wa waandishi waliotajwa kwenye Rambo ya pili ni James Cameron, ambaye miaka sita baadaye alitengeneza filamu iliyoonyesha jinsi kazi hii inavyofanywa. Terminator ya kwanza, ya mwaka 1984, iligharimu dola milioni sita na ushee. Sarah Connor ni mhudumu wa mgahawa Los Angeles, msichana wa kawaida anayezidiwa na oda za wateja, na mashine yenye sura ya Arnold Schwarzenegger imetumwa kutoka wakati ujao ije imuue. Terminator 2 ilipotoka mwaka 1991 ilikuwa imekula karibu dola milioni mia moja. Watu wakiizungumzia, wanamtaja yule polisi wa chuma cha majimaji anayepenya kwenye nondo za mlango huku bastola yake ikikwama. Nami nilishangaa kama wengine, ingawa picha zile za kompyuta hazizidi dakika tano hivi katika filamu nzima. Ufundi mkubwa zaidi uko kwenye mikono ya Linda Hamilton.

Tunamkuta Sarah kwenye chumba cha hospitali ya wagonjwa wa akili. Kitanda kimesimamishwa wima, naye amekamata fremu yake, anajivuta juu, anashuka, anajivuta tena. Kamera inatuonyesha mikono na mgongo kabla ya uso. Misuli imejichora. Jasho linamtoka. Akigeuka, nywele zimemwangukia machoni na macho yenyewe hayana utani hata kidogo. Hamilton alijifua miezi kadhaa kwa ajili ya mwili ule, na pesa haikupotea, maana kwa mwonekano mmoja tumeshaambiwa miaka iliyopita ilipitaje. Hakuna mtu aliyekaa kutusimulia.

Baadaye anatoroka, amebakiza hatua chache aingie kwenye lifti. Milango inafunguka. Anayetoka ni Schwarzenegger, sura ileile, miwani ileile. Sisi tunajua kwamba safari hii mashine imetumwa kumlinda mwanawe. Yeye hajui. Miguu inamwisha, anaanguka sakafuni na kujisukuma kinyumenyume huku akipiga kelele, yule mwanamke ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anawavunja walinzi mifupa. Kisha mashine inamnyooshea mkono na kumwambia maneno yaleyale aliyoambiwa kwenye filamu ya kwanza na mwanaume aliyekufa akimwokoa, baba wa mtoto wake. Maneno yamehamia kwenye kinywa cha adui. Hapo mtazamaji wa zamani anasisimkwa nywele, na wa leo naye ameshaelewa, kwa miguu ile tu, kwamba kuna jambo kubwa lilitokea kabla.

Hilo la mwisho kwangu ni la msingi, kwa sababu mabandani kwetu kanda hazikufika kwa mpangilio. Wengi tulikutana na ya pili kwanza, ya tatu ikafuata, na ya kwanza ikaja siku mwenye banda alipoipata. Kazi ya kuunganisha ilimwangukia mtafsiri. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, walioweka Kiswahili chao juu ya filamu za watu, walikuwa wakijua kwamba kwenye benchi moja amekaa aliyeona yote na aliyeingia leo kwa mara ya kwanza. Wote wamelipa kiingilio kilekile. Mtengenezaji mzuri wa mwendelezo anafanya kazi hiyohiyo akiwa bado kwenye karatasi, ili sauti ya mtafsiri ije kuwa nakshi tu.

Cameron ana jambo jingine alilolifanya kimyakimya. Kwenye filamu ya kwanza mashine ina bastola yenye taa nyekundu, na ndani ya klabu ya usiku tunaona nukta ile ikitua kwenye paji la uso la Sarah. Kwenye ya pili Sarah anaamua kumuua mhandisi Miles Dyson, kabla kazi yake haijazaa mashine hizo. Dyson yuko nyumbani, anachapa kwenye kompyuta. Nukta nyekundu inapanda mgongoni mwake hadi kisogoni. Mwenye bunduki gizani ni Sarah. Gari dogo la kuchezea la mtoto wa Dyson linamgonga baba mguuni, anainama, risasi inapita juu. Mwanamke aliyewindwa amejifunza kuwinda kutoka kwa aliyemwinda. Hakuna anayelisema hilo kwa sauti, nukta inatosha.

Halafu Cameron akavunja sheria ya kibanda. Stelingi anakufa. Mashine inaomba iteremshwe kwenye chuma kilichoyeyuka, ili pasibaki kipande cha kuzalisha wengine, na mtoto analia kwa ajili ya kitu kilichotengenezwa kiwandani. Ungedhani yameisha. Zikaja filamu za 2003, 2009, 2015 na 2019. Ile ya 2019, ambayo Cameron mwenyewe alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, inaanza kwa kumpiga risasi yule mtoto, John, kwenye dakika za mwanzo kabisa. Wengine waliita huo ujasiri. Mimi naona ni kumwambia Sarah kwamba kule kujivuta kwenye kitanda hospitalini kulikuwa kwa bure. Mwendelezo una ruhusa ya kumtesa mtu kwa anayoyakumbuka, lakini ukimfutia alichokipigania, umeshakula mtaji.

Ya Godfather nitayapita haraka, kwa kuwa yameandikwa sana. Sehemu ya pili ya mwaka 1974 ilikuwa mwendelezo wa kwanza kupata Oscar ya filamu bora. Marlon Brando alikwisha kuchukua tuzo kwa kumwigiza Vito mzee, na Robert De Niro akachukua yake kwa kumwigiza Vito yuleyule akiwa kijana. De Niro alikaa akimtazama Brando tena na tena mpaka akaipata ile sauti ya kukwaruza, kisha akairudisha nyuma miaka mingi, kabla haijazeeka. Francis Ford Coppola anawaweka baba na mwana sambamba: mmoja anajenga familia, mwingine anaibomoa kwa jina la kuilinda. Ukirudi kwenye ya kwanza baada ya hapo, harusi ile ya mwanzo haikuchekeshi tena.

Hapa kwetu sehemu ya pili ilichafuliwa jina kwa njia nyingine kabisa. Enzi za DVD za filamu za Bongo, hadithi moja ilikatwa vipande viwili ili iuzwe mara mbili. Mama mkwe kashika kitasa cha mlango, muziki unapanda, maandishi yanatokea: itaendelea. Unarudi dukani. Sehemu ya pili nayo inaanza kwa kurudia robo saa uliyoiona jana. Biashara ilikuwa ngumu na wezi wa kazi walikuwa wengi, naelewa. Ila vipande viwili vya kitenge kimoja havifanyi doti mbili.

Nimesema mhusika akumbuke, na sasa naona mtu ameshanishika kwa Mad Max. George Miller alianza naye mwaka 1979, akamwacha 1985, akamrudia miaka thelathini baadaye kwenye Fury Road akiwa na mwigizaji mwingine. Max wa 2015 hana kumbukumbu inayoeleweka. Anatokewa na msichana aliyeshindwa kumwokoa, na ukitafuta filamu za nyuma huyo msichana humwoni. Lakini ni mwendelezo mzuri ajabu. Nadhani hapa anayekumbuka ni fundi mwenyewe. Miller alipeleka magari jangwani Namibia mwaka 2012, baada ya mvua kuotesha maua kwenye jangwa la Australia alilokuwa amelichagua, akarudi na picha za saa 480. Mkewe, Margaret Sixel, ndiye aliyekaa nazo hadi zikawa saa mbili, na akapewa Oscar ya uhariri. Vipande vinapita kwa kasi kubwa na bado hupotei, kwa sababu kila picha ilipigwa jambo lake likiwa katikati. Jicho halihangaiki kutafuta. Ningeiweka filamu ile kwenye televisheni ya inchi kumi na nne, na mtu wa benchi la nyuma kabisa asingekosa kitu.

Furiosa wa filamu ile, Charlize Theron, hana mkono mmoja, na hatuambiwi umekwenda wapi. Ila Theron alijua. Maisha ya nyuma ya mwanamke yule yalikuwa yameshaandikwa kama filamu kamili kabla kamera hazijawashwa Namibia. Filamu hiyo ndiyo Furiosa, iliyotoka Mei 2024. Kumbi hazikujaa, na maneno yakawa yaleyale, kwamba watu wamechoka. Ndani yake binti anajichora ramani ya nyota kwenye mkono, njia ya kurudi kwao. Baadaye anafungwa minyororo kwa mkono huohuo, na ili aokoke anaukata. Ramani inabaki nyuma.

Kwa hiyo asiyeona hata moja ningemshauri aanze na ya 2024, kisha aweke ya 2015 palepale, ili afike kwenye ule mchanga ambapo Furiosa anaambiwa kwamba nchi ya kijani ilishakufa, tena aliipita usiku bila kuitambua, naye anavua mkono wa chuma, anapiga magoti na kupiga yowe. Zote mbili kwa pamoja ni karibu saa nne na nusu. Uanze mapema, na chakula kiwe kimeshaiva.