Nesi na Taa ya Bluu

Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni upepo wa milima ya Mbizi hauna huruma. Ndiyo maana nesi wa wodi ya watoto wachanga, kabla hajawasha taa ya bluu inayotibu manjano, huanza na dirisha. Mtoto mwenye manjano hulazwa mtupu, akabaki na nepi ndogo na kitambaa cha kukinga macho, na taa za kisasa hazitoi joto la kutosha kumwezesha kustahimili baridi ya nyanda hizi za Ufipa. Kwa hiyo hufunga dirisha, hupasha chumba moto, kisha hupima joto la mtoto mara kwa mara.

Kumvua nguo si hiari. Manjano huletwa na bilirubini, taka inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika, na ini changa haliwezi kuitoa upesi. Molekuli yake imejikunja hivi kwamba haiyeyuki vizuri majini. Mwanga wa bluu, wa nanomita 460 hadi 490, hupenya ngozi milimita moja au mbili tu, lakini ukiikuta bilirubini huibadilisha umbo, ikayeyuka, ikatoka kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini liichakate kwanza. Ikiachwa ipande mno huingia ubongoni, na mtoto anaweza kubaki kiziwi au na ulemavu wa viungo. Ndiyo maana nguo huvuliwa: ngozi iliyofunikwa haifikiwi na mwanga huo.

Bibi huuliza kama mjukuu hawezi kuoteshwa jua tu. Nesi hamcheki, kwani tiba ilianzia juani. Miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto njiti bustanini, akagundua kwamba ngozi iliyopigwa na jua hupungua manjano. Daktari Richard Cremer na wenzake wakaunda taa, wakachapisha matokeo mwaka 1958.

“Mwanga wa bluu juani upo, bibi,” humjibu, “ila hatuwezi kuupima, na baridi hii itamuumiza.”

Ustadi wake hasa ni kujua lini jicho linadanganywa. Chini ya taa ya bluu rangi ya ngozi haisomeki, hivyo huizima, humsogeza mtoto kwenye mwanga wa mchana, hubonyeza kifua kwa kidole na kutazama rangi kabla damu haijarudi. Kwa ngozi nyeusi hukagua pia ufizi na weupe wa macho. Baada ya saa kadhaa za taa haiamini tena ngozi: hiyo hupauka mapema, damu ikiwa bado na bilirubini nyingi. Mama akisema mwanawe amepona, nesi hupeleka damu maabara.

Taa ikishazimwa, bilirubini inaweza kupanda tena. Mama wa karibu, wa Kizwite, huambiwa arudi kesho kupima. Wa mbali, wa Mtowisa, mwenye mteremko mzima wa Lyamba lya Mfipa mbele yake, haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka kipimo cha pili kisomwe.