Maumivu Kwanza, Chakula Baadaye

Jumapili saa 12 jioni mwanangu alikuta majani ya viazi vitamu ya mchana yamelala palepale alipoyaweka. Kashata, sungura wetu jike wa kilo 1.8, alikuwa amejikunyata kwenye kona ya banda, macho ameyafumba nusu, anasaga meno kwa sauti. Chini yake palikuwa na vigololi vinne tu vya kinyesi, vidogo na vikavu, viwili vimeshikana kwa unywele. Sungura mzima hutoa vigololi 200 hadi 300 kwa siku. Tukaona tusubiri kupambazuke. Uamuzi huo naujutia mpaka leo na sina la kuutetea. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula ni mgonjwa wa dharura, na sisi saa hizo tulizimalizia usingizini.

Naeleza jinsi alivyotibiwa kwa kuwa nimekulia Moshi, nyumba yenye mabanda ya sungura nyuma ya jiko, na nimewaona wengi wakifa hivi hivi. Karibu wote walikatikia mikononi mwa watu waliokuwa wakijitahidi kuwalisha. Kulisha kunahitajika, tena sana, ila kuna mambo matatu yanayotakiwa kukitangulia chakula, na Kashata alipona kwa sababu daktari aliyafuata yote kwa zamu yake.

Tuanze na utumbo wenyewe. Sungura hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo lake umekaza kiasi kwamba kilichoingia ama kipite hadi mwisho ama kibaki humo humo. Utumbo mwembamba unapoishia kuna mfuko mkubwa uitwao sekamu, ambao peke yake hubeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo katika njia ya chakula. Humo bakteria huchachua majani kama mbege inavyochachuka kwenye pipa. Sekamu inapokutana na utumbo mpana hufanyika kazi ya kupembua: nyuzi ndefu husukumwa mbele haraka zikatoka kama vigololi vikavu, chembe laini pamoja na majimaji hurudishwa nyuma kwenye sekamu. Baada ya saa kadhaa kilichochachuka hutoka kama kishada cha kinyesi laini kinachong'aa, naye hukila moja kwa moja kinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Watu wengi wanaofuga sungura miaka na miaka hawajawahi kukiona. Sehemu ya protini yake na vitamini za kundi B anazipata humo.

Upembuzi wote huo unaendeshwa na nyuzi. Nyasi ngumu hazimpi nguvu nyingi mwilini, lakini zikikosekana misuli ya utumbo haina cha kusukuma. Mwendo unapungua. Maji yananyonywa kutoka kwenye chakula kilicholala tumboni mpaka kinagandamana kama ugali wa jana, na katika sekamu mchachuko unakwenda kombo, gesi inajaa. Gesi inauma, na maumivu yanaamsha mishipa ileile ya fahamu inayomwandaa mnyama kukimbia adui, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kuusimamisha utumbo. Utumbo ukisimama gesi inazidi, maumivu yanazidi, mnyama hataki kula, hataki kunywa. Mwishowe mwili unaanza kuyayeyusha mafuta yake wenyewe, yanarundikana kwenye ini, na hasa sungura mnene anaweza kufa kwa ini kabla hata ya tumbo.

Ukielewa mzunguko huo utaona kwa nini ile imani ya kwamba sungura "ameziba nywele" inawapoteza watu. Sungura hujilamba kutwa nzima, kwa hiyo tumboni mwake hapakosi nywele, awe mgonjwa au mzima. Donge la nywele na chakula linalokutwa kwa aliyekufa mara nyingi ni matokeo ya utumbo uliosimama na kukauka. Hapo ndipo watu huleta juisi ya nanasi au utomvu wa papai, wakiamini vitayeyusha nywele. Vimeng'enya vya matunda hayo vinavunja protini za nyama, lakini unywele haviuwezi, na sukari ya juisi inakwenda kuchochea uchachukaji kwenye sekamu iliyokwisha vurugika.

Hatari kubwa zaidi ilinijia kwa simu. Jioni ileile nilipigia simu duka moja la dawa za mifugo nikaambiwa nifungue kapsuli ya amoksilini, nikoroge na maji, nimnyweshe. Nashukuru hatukuwa nayo nyumbani. Amoksilini ya kunywa, kama ilivyo ampisilini na klindamaisini, huwaua bakteria wema wa sungura na kuwaachia nafasi bakteria wa jamii ya Klostridia, wanaotoa sumu. Anaharisha, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Dawa hiyo inawatibu watoto wetu kila siku, kwa hiyo muuzaji huitaja bila wasiwasi wowote. Nawaomba wauza dawa wanaosoma safu hii walichukue hili kwa uzito.

Jumatatu saa 2 asubuhi tulikuwa kwa daktari wa mifugo. Nilikuwa nimeshika bomba la sindano na uji mwepesi kwenye chupa, nikidhani nitaambiwa nianze. Akaniambia, "Mama, huo uji uweke pembeni kwanza. Sijajua kama njia iko wazi."

Swali hilo ndilo lililoamua siku nzima. Kuna utumbo uliosimama na kuna utumbo ulioziba, na kwa nje vinafanana. Uliosimama unahitaji chakula na dawa ya kuuchochea. Ulioziba, mara nyingi kwa kidonge cha nywele zilizoshindiliwa kikakwama kwenye utumbo mwembamba, ukiujaza chakula au kuuchochea, tumbo linafura na linaweza kupasuka. Huyo anaweza kuhitaji upasuaji, na muda wake huhesabiwa kwa saa.

Daktari alianza na joto la mwili: nyuzi 37.2. Sungura mzima huwa kati ya 38.5 na 40, kwa hiyo alikuwa anapoa, na kupoa kwa sungura mgonjwa ni dalili mbaya. Akambonyeza tumbo taratibu kwa vidole viwili. Tumbo la aliyeziba huwa limefura na kukaza kama mpira. La Kashata lilikuwa kama kinyunya kilichokandwa, ukibonyeza kinabaki na alama. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Nyumbani kuna mtu mwenye kisukari?"

Mama yangu ana kisukari. Kipimo chake kikaletwa na bodaboda. Daktari akanyoa kidogo ukingo wa sikio, akachoma mshipa, akagusisha tone la damu kwenye kijiti: 8.9. Nikaona mabega yake yanalegea. Mwaka 2012 daktari Frances Harcourt-Brown wa Uingereza pamoja na mwenzake walichapisha uchunguzi wa sukari katika damu ya sungura wa kufugwa. Walioziba utumbo walikuwa na wastani wa takriban 25, na ambao utumbo wao umesimama tu takriban 8.5. Kipimo cha binadamu hakitoi namba kamili kwa sungura, lakini pengo kati ya 9 na 25 ni kubwa mno kwa kosa la kifaa kulifunika. Eksirei ilipopigwa mchana ilisema vilevile: chakula kimejaa tumboni, gesi imetawanyika, hakuna sehemu moja iliyofura na kuishia ghafla. Kijiti kile kilituambia hivyo saa tatu kabla ya picha, kwa bei ya chupa ya soda. Katika mji ambao mashine ya eksirei ya wanyama haipatikani kila kona, huo ni ujuzi wa kushikwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mpangilio. Kwanza sindano ya kutuliza maumivu, meloksikamu, kwa kipimo alichokipiga kutokana na uzito wake. Kiasi sikitaji kwa makusudi. Dawa hii huuzwa kwa nguvu iliyokusudiwa ng'ombe, na kosa la nukta moja kwa mnyama wa kilo 1.8 linaua figo. Pili joto: chupa mbili za maji ya moto zilizoviringishwa khanga, moja kila ubavu, katikati akaachiwa nafasi ya kujisogeza akiona zimezidi. Tatu maji. Sungura anahitaji karibu mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, yaani 180 kwa Kashata, na alikuwa hajanywa tangu jana yake. Daktari alipasha dripu ya Ringer mpaka ikawa vuguvugu, akamwingizia mililita 60 chini ya ngozi ya mgongo, kati ya mabega, pakavimba kama nundu ndogo na kunywea polepole. Zilizobaki ziligawanywa mara mbili, mchana na usiku.

Mtu anaweza kuuliza maji ya chini ya ngozi yanasaidiaje chakula kilichokauka tumboni. Mwili ulioishiwa maji huyanyonya kutoka utumboni. Ukishiba maji unaacha kunyonya, na majimaji yanaanza tena kuingia kwenye lile donge na kulilainisha. Nanasi halifiki hapo.

Saa 5 na nusu joto lilikuwa 38.4, na kwa mara ya kwanza Kashata alinyoosha miguu ya mbele akalaza kidevu juu yake. Hapo daktari akaongeza metoklopramaidi ya kuchochea mwendo wa utumbo, akasema, "Sasa leta chakula."

Uji niliokuwa nimeupika nyumbani ulikuwa wa mahindi, ambao ni wanga mtupu. Tulichohitaji ni nyasi katika hali ya kupita kwenye bomba. Kuna unga wa wagonjwa uliotengenezwa kwa kazi hii, wa kampuni ya Oxbow ya Marekani, lakini sikuupata Moshi wala Arusha. Tulisaga peleti za sungura pamoja na nyasi kavu kwenye kinu, tukachekecha kwa chekecheo la chai mara mbili, tukaloweka kwa maji ya uvuguvugu mpaka ukawa mzito wa kumiminika. Kipimo kilikuwa mililita 90 kwa siku kwa uzito wake, mara tano, 18 kila mara. Unamfunga khanga akabaki kichwa tu, ameketi wima. Usimlaze chali hata kidogo, kwa sababu chakula kikiingia mapafuni huna la kufanya. Bomba linapita pembeni mwa kinywa, kwenye pengo kati ya meno ya mbele na magego, unatoa mililita moja, unangoja atafune, ndipo unatoa nyingine. Mlo wa kwanza ulituchukua dakika 40.

Usiku nilitandika shuka jeupe chini ya tumbo lake ili nisikose kuona chochote kitakachotoka. Mama alikuwa macho pamoja nami, akisali. Saa 9 usiku, saa 19 tangu tufike kwa daktari, vikatoka vigololi saba. Vilikuwa vyeusi, vigumu, vimepinda, vidogo kama punje za pilipili manga, na mimi niliviona vizuri kuliko kitu chochote nilichokiona mwaka huo. Kufika asubuhi vilikuwa 31. Jumanne saa 12 jioni, baada ya saa 34, alichomoa mwenyewe jani la mashona nguo mkononi mwa mwanangu.

Palikuwa pamebaki swali la chanzo. Utumbo hausimami bila sababu, na ukitibiwa chanzo kikaachwa, baada ya wiki mbili uko palepale. Siku ya nne daktari alimlaza kwa dawa, akamfungua kinywa na kutazama magego kwa taa. Gego la chini kushoto lilikuwa limeota ncha kali kuelekea ulimi, na ulimi una kidonda. Meno ya sungura, yote 28, hayaachi kukua. Yanaota karibu milimita 2 kwa wiki, na kinachoyapunguza ni kusagana kwa muda mrefu wakati wa kutafuna nyasi. Nilikuwa safarini majuma matatu ya masika. Nyasi zilikuwa zimelowa, na nyumbani waliogopa kumpa mbichi zenye umande, wakamlisha pumba na vipande vya mkate. Pumba hazitafunwi, zinamezwa. Ncha iliyokwisha anza kuota ikakosa cha kuisaga, ikamchoma, akaacha hata kujaribu nyasi chache alizopewa. Tumbo lenye pumba tupu likafanya lililobaki.

Ncha imekatwa. Uzito wake umerudi hadi kilo 1.76. Chini ya upenu tumefunga waya wa kuku kwa mlalo, na kila asubuhi isiyo na mvua mwanangu hutandaza juu yake nyasi alizokata jana, kivulini, ili zikauke zikiwa bado za kijani. Daktari anataka amtazame tena kinywa baada ya wiki 6.